Nyumba Yenye Risasi

Fundi Cheche alikuwa na meza kubwa, lakini mlaji alikuwa mmoja. Tangu mkewe afariki, meza ya chakula iligeuka pia meza ya kazi. Upande huu sahani, upande ule taa ndogo za sola alizounda mwenyewe na kuziuza dukani. Aliziunganisha kwa waya laini wa lehemu, ule unaoyeyuka ukiguswa na chuma cha moto. Mikono ikimjaa, aliubana waya kwa meno. Akisikia njaa, alisogeza taa pembeni na kula. Nani angemkataza?

Redio iliongea kutwa. Fundi alibishana nayo na kila mara alishinda, maana redio haijibu. Jioni alipoizima, upweke ulimkaba. Kitu kimoja tu kilimpa moyo: binti yake aliyejifungua karibuni aliahidi kuhamia kwake na mtoto.

Asubuhi moja dereva wa pikipiki alirudisha boksi la taa kutoka dukani. Hakuzima hata injini. Alipaza sauti pale nje, mtaa mzima ukasikia.

"Mzee, taa zako zimekataliwa. Zimepimwa, zimekutwa na risasi."

Fundi aliduwaa. Alifungua taa moja, akaitikisa, akachungulia ndani. Risasi ingekaa wapi, na taa yenyewe inaenea kiganjani?

Majirani hawakuchungulia taa. Wao walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufikia mchana ilijulikana kwamba mzee anaficha bunduki. Jirani mshonaji, ambaye hakupita dirishani bila kumsalimu, siku hiyo alipita upande wa pili wa njia. Fundi alimwona, na iliuma.

Kisha binti yake akapiga simu.

"Baba, nimesikia ya huko. Siwezi kumleta mtoto kwenye nyumba yenye risasi."

Fundi aliapa kwamba hajawahi kushika bunduki. Binti alisema anamwamini, ila hatakuja mpaka jambo hili lieleweke. Simu ilipokatika, mzee alilia. Tusifichane, alilia kama mtoto.

Kesho yake mkaguzi wa bidhaa za umeme alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mpole. Alimwamkia vizuri, lakini kabla hajaketi Fundi alianza kufungua makabati na kukung'uta mito, ili apekuliwe yaishe.

"Baba, nikitafutacho hakiko kabatini," mkaguzi alisema. "Kiko hapo kando ya sahani yako."

Aliuonyesha waya wa lehemu. Akaeleza kwamba risasi si ya bunduki tu. Risasi pia ni jina la madini, na waya ule ni mchanganyiko wa madini hayo na bati. Ni sumu. Hushika mikononi, huwa vumbi mezani, huingia mwilini pamoja na chakula. Taa ikichakaa na kutupwa, sumu huenda kwenye udongo na maji. Ndiyo maana sheria inazuia risasi katika vifaa vya umeme, isipokuwa kiasi kidogo mno.

Fundi alisema ametumia waya huo miaka na miaka, na bado yu mzima.

"Sumu hii haina haraka," mkaguzi alijibu. "Nenda hospitali ukapimwe damu. Na mtoto mchanga ndiye huumia zaidi. Sumu huharibu ubongo wake unaokua."

Fundi aliisogeza sahani mbali na waya. "Kwa hiyo binti yangu..."

"Alisema kweli, ingawa hakujua."

Mzee aliomba walau amalizie waya uliobaki, maana akiba haiozi. Mkaguzi alitabasamu, akasema akiba hii huozesha nyingine: tone moja la zamani likiingia kwenye taa mpya, boksi lote litarudi. Waya na taa zile zipelekwe kituo cha kukusanya taka za umeme. Anunue waya usio na risasi, wenye cheti cha vipimo. Waya huo unataka moto mkali zaidi, na chuma chake kiwe na ncha mpya. Kazi ifanyiwe mbali na chakula, penye hewa. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Fundi alihamishia kazi kwenye kibanda cha uani, akapangusa nyumba nzima. Alikwenda kupimwa damu, na daktari akampangia siku ya kurudi. Alimweleza mshonaji habari yote, naye alicheka hadi akakaa chini, kisha akaomba radhi. Taa mpya zilipimwa, zikapita.

Binti naye, alipoelezwa kwa simu, alikuja na mtoto, kwanza kwa siku chache. Alipitisha kidole chake kila kona ya nyumba na kukitazama. Siku ya kuondoka alifua nguo za mtoto, akamkumbatia baba yake, akaenda.

Nyumba ilinyamaza tena, na upweke ukamrudia Fundi. Alitoka uani. Nguo za mtoto zilikuwa bado kambani. Alipiga simu kusema zimesahauliwa.

"Sikuzisahau, baba. Tunafuata mizigo mingine, kisha tunarudi."

Fundi alinyoosha mkono kuzianua, kisha akausitisha. Alirudi ndani, akanawa tena kwa sabuni.