Komfrei Kwenye Matuta ya Bibi Amne

Kila jioni Hafsa alimwagilia bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, kijijini Misima. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo. Baba yake, Awadhi, alipanda mchicha, bamia na mstari mmoja wa komfrei, mmea wenye majani mapana ya kukwaruza. Majani hayo aliyaloweka kwenye ndoo yakawa mbolea. Mengine alimpa Shida, msichana wa jirani, awalishe sungura wake.

Shida alikuwa yatima na aliishi na bibi yake, Bibi Amne. Alisoma darasa la saba pamoja na Hafsa, na kila mtihani alimpita. Hafsa alimchukia kwa hilo tu.

Komfrei ilipoanza kuusonga mchicha, Baba alisema, "Ing'oe yote. Usiikatekate kwa jembe. Chimba pembeni, okota kila kipande cha mzizi, ukianike juu ya bati mpaka kikauke. Kipande kidogo tu kikibaki udongoni, kinaota."

"Sawa, Baba."

Baba alipokwenda gulioni, Hafsa alichukua jembe akaikatakata komfrei kama magugu mengine yanayoachiwa jua. Kisha, kwa uvivu na roho mbaya, akavirusha vipande juu ya ua wa minyaa. Vikaangukia kwenye matuta ya Bibi Amne ya ngogwe, yaani nyanya chungu.

Mvua ikanyesha. Haukupita muda mrefu, komfrei ikachomoza kila mahali katikati ya ngogwe. Bibi Amne aliing'oa, ikakatikia ardhini, ikaota tena. Ngogwe hizo ndizo zilizomnunulia Shida sare na madaftari.

"Ni wewe!" alimfokea mjukuu wake. "Kila siku unabeba haya majani. Umeniharibia shamba!"

"Si mimi, Bibi. Haki ya Mungu si mimi!"

Shida alichapwa, akalala na njaa. Hafsa alisikia yote kutoka upande wa pili wa ua, akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu, na hakuna haja ya kumfichia.

Kesho yake Bibi Amne alimfungia Shida nguo zake kwenye mfuko, akaita bodaboda. "Nenda Kerenge kwa mjomba wako ukachunge mbuzi. Shule basi!"

Shida alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba aliposikia alikuja haraka, na Hafsa nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi Amne. Kuna nini?"

Alipoelezwa, aliinama akachimbua chipukizi moja. "Bibi, jani la komfrei halioti. Huu ni mzizi, tena umekatwa kwa jembe huku na huku." Akageuka. "Hafsa?"

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa. "Ni mimi, Baba," alisema. "Vipande nilivirusha mimi."

Bibi Amne alikaa chini, akajishika kichwa. Bodaboda aliondoka bila abiria. Hafsa alimwomba Shida radhi, lakini Shida aliokota mfuko wake akaingia ndani.

Msimu mzima Hafsa alichimba matuta yale, akiokota mizizi kipande kwa kipande, mpaka ngogwe zikapona. Siku aliyoanika kipande cha mwisho, alimwambia Baba kwamba kazi imekwisha.

"Ya komfrei imekwisha," Baba alisema. "Ukikosea kazi, unaweza kuirudia. Lakini mwenzako alichapwa na kulala njaa kwa kosa lako, nawe ulijua, ukanyamaza. Hilo, mwanangu, utalichimbua wapi?"