Jicho la Bibi Lililokataa Kutulia

Itangazwe kwa heshima zote kwamba katika ukoo mzima hakukuwa na mtaalamu wa mashine za hospitali kumshinda Kidomo, msichana wa darasa la sita. Hospitali yenyewe alikuwa ameingia mara mbili tu: siku ya kuzaliwa na siku ya kung'olewa jino. Mara zote mbili alipiga mayowe.

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidomo alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano, maana Bibi alikuwa fundi cherehani. Lakini wiki hiyo jicho la kulia la Bibi lilikuwa likiingia giza ghafla, kisha linarudi. Daktari akaagiza kipimo cha mashine ya altrasaundi, ajue damu inapitaje kwenye mishipa ya jicho.

"Mke mwenzangu, hiyo mashine inafanyaje?" Bibi aliuliza wakiwa kwenye benchi la kungojea.

Kidomo akakohoa kitaalamu. "Inaonyesha kila kitu ulichokiona mwezi huu, Bibi. Kama sinema."

Bibi akajifuta midomo kwa ncha ya khanga. Kidomo akajibana mbavu asicheke.

Chumbani, mama mpimaji alimlaza Bibi, akamwambia afumbe macho, akapaka jeli baridi juu ya kope na kugusisha kipimio kidogo. Kwenye skrini zikatokea rangi nyekundu na bluu. Spika ikavuma: shuu, shuu, shuu.

"Hiyo ni damu yako, mama. Sasa usilizungushe jicho."

Likazunguka. Kulia, kushoto, juu. Rangi zikavurugika. Mpimaji akarudia mara nne.

"Mama yangu, nisipoupata mshipa huu, daktari hatajua akutibu vipi. Jicho linaweza kuzimika kabisa."

Jicho likaendelea kukimbia chini ya kope kama kuku anayekataa kukamatwa. Kidomo akasogea karibu na kitanda.

"Bibi, tulia basi!"

"Nitulie mnione nikila ile sukari niliyokatazwa na daktari?"

Mpimaji akainua kipimio, akageuka polepole. "Nani kamwambia mashine inaona sukari?"

Kidomo alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Mimi. Nilitunga, Bibi. Nisamehe."

"Kumbe! Na mimi nimejitaja bure!"

Mpimaji alicheka mpaka akaweka kipimio chini. Kisha akaeleza: mashine hutuma sauti tusiyoisikia, damu inayotembea huirudisha, basi. Safari hii jicho lilitulia. Jioni ile daktari alisoma majibu: damu ilipita kwa unyonge, lakini walikuwa wamewahi. Akampa dawa.

Nje, Bibi alimshika Kidomo bega. "Ulitaka kunicheka tu?"

"Kidogo. Lakini kweli, Bibi, sikujua inafanyaje. Niliona aibu kusema sijui."

Bibi akamvuta karibu. "Siku nyingine sema hujui, tukaulize pamoja. Mgonjwa mwenye hofu mwambie ukweli, mke mwenzangu. Kutojua kwako kusingenipofusha. Uongo wako ulikaribia kunipofusha."