Sauti Mbili Kwenye Barabara ya Dempster

Kisa hiki rafiki yangu Noreen hukisimulia akiangalia chini.

Matairi mawili ya gari lenye vitanda alimosafiri na mumewe yalipasuka katikati ya pori la kaskazini mwa Kanada, kisha gesi ya kupashia joto ikawaishia.

"Dereva gani wewe, kila shimo lako!" Noreen alimfokea mumewe, Wendell.

Wendell akaenda kuchota maji kwenye kijito kilichokuwa karibu. Ukungu ukashuka, mchana ukawa giza.

Mlango ukagongwa, na sauti ya Wendell ikaita: "Noreen, fungua! Vidole vinaganda!"

Noreen alipogusa komeo, sauti ile ile ya Wendell ikapiga kelele kutoka kijitoni: "Usifungue, mke wangu!"

Noreen akajifunika blanketi, akaziacha sauti zote mbili zimlilie. Aibu hiyo haijamtoka.

Ukungu ulipoinuka akamfungulia mumewe. Wendell hakumlaumu hata kidogo kwa kumwacha nje.

Nje, kwenye theluji, nyayo za Wendell zilitoka mlangoni kuelekea kijitoni. Za kurudi hazikuwepo.