RAM ya Mama Mkwe

Giza lilikuwa linaanza kuingia mkamwana alipofika kibandani kwa fundi wa kompyuta. RAM, kile kibao cha kumbukumbu cha mashine yake, alikuwa ameifunga kwenye leso, kama mtu aliyebeba jino lililong'oka.

Fundi akaifungua, akailaza mezani kando ya nyingine.

"Dada, tazama meno yake. Yako pengo liko hapa. Hii mpya, pengo limesogea kule. Hata uigonge kwa nyundo haiingii. Na ikiingia, ujue imeshaunguza kitu."

"Si zote ni RAM?"

"Na viatu vyote ni viatu. Nikupe vyangu?" Fundi alicheka. "Yako ni ndogo, na za umri wake siku hizi huzipati dukani. Tafuta mashine ya rika lake yenye kubwa zaidi, uitoe humo. Lakini chomoa waya kwanza. Na maji yakae mbali."

Mkamwana alikuwa na kazi ya kuchapa, kitabu cha picha cha mteja, kinatakiwa asubuhi. Kila akiweka picha, mashine inaganda.

Mashine ya rika lake aliijua. Ilikuwa chumba cha nyuma, kando ya kitanda cha mama mkwe wake.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kuchapa, na ndiye aliyenunua mashine zote mbili. Kisha kiharusi kikamchukua ulimi na upande mzima wa kulia. Tangu hapo alisema kwa mkono wa kushoto, akichapa kwenye mashine yake herufi moja moja. *Nigeuze. Taa inaniumiza.* Siku nyingine utani: *Chai ya leo ina sukari au umeitajia tu jina lake?*

Hakuwa na mdomo mwingine.

Chumba kilinuka dawa ya kuchua.

"Naipangusa vumbi, Mama," alisema. Glasi ya maji iliyokuwa kando ya kitanda akaisogeza dirishani, isije ikamwagika. Akachomoa waya, akafungua kwa kibisibisi, akaitoa RAM, kisha akauchomeka waya tena kana kwamba hakuna kilichoguswa.

Mama mkwe alikitazama kile kibisibisi. Mchapaji mzoefu. Alijua vumbi halipanguswi kwa bisibisi.

Sebuleni, kwenye mashine yake, pengo lilikaa sawasawa. *Ta!* Mashine ikaamka kama kijana. Picha ya kwanza ikaingia. Ya pili...

*Tiii... tiii... tiii...*

Kutoka chumba cha nyuma. Mashine isiyo na RAM hulia hivyo ikiwashwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umebonyeza kitufe.

Alikwenda, akasimama mlangoni.

"Imezeeka, Mama. Imekufa. Wewe pumzika."

Uongo ulitoka laini kuliko alivyotarajia. Akachomoa waya, akauzungusha, akauweka juu ya kabati. Mama mkwe akageuza uso ukutani.

Alirudi sebuleni kwenye kazi yake. Picha ya tatu ilipoingia, harufu ya dawa ya kuchua ikamfikia. Nzito. Kama mtu ameinama begani kwake.

Kwenye ukurasa ikatokea herufi.

*n*

Mikono yake ilikuwa mapajani.

*i... n... a...*

Polepole. Kama anayetafuta herufi kwa mkono mmoja.

*nina kiu*

Alikimbilia chumba cha nyuma. Mama mkwe alikuwa vilevile, uso ukutani, mkono chini ya shuka, amelala. Midomo imekauka hadi kupasuka. Na glasi ipo dirishani, imejaa pomoni. Pale pale alipoiweka yeye mwenyewe.

Alimwinua, akamnywesha. Glasi ikaisha. Ya pili ikaisha. Maji yalimtiririka kidevuni, akamfuta kwa kiganja, na hakuthubutu kumtazama machoni.

Kitabu cha mteja kikae. Alikwenda sebuleni, akachomoa waya, akautupa sakafuni, akaitoa RAM. Akairudisha ilikotoka. Akauteremsha waya juu ya kabati, akauchomeka. Kioo cha mashine ya mama mkwe kilipowaka, akauchukua ule mkono wa kushoto, akauweka juu ya herufi, akasubiri tusi. Lilikuwa haki yake.

Mama mkwe aliandika. Ilichukua muda.

*Asante. Nilikuwa nimelala. Nani amekuambia nina kiu?*

Uso ulimwaka.

"Nime... nimehisi tu, Mama."

Mama mkwe akamtazama kama alivyokitazama kile kibisibisi.

Hapo ndipo sebuleni, kwenye mashine iliyobaki bila RAM, waya ukiwa bado sakafuni...

*Tiii...*

Wote wawili walisikia.

*Tiii...*

Mkono wa kushoto ukarudi kwenye herufi, bila haraka.

*Nenda kamsikilize. Naye sasa hana mdomo. Usimwache kama ulivyoniacha mimi.*