Benchi la Happy

Upande mmoja wa benchi ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha Gashoho kwa wiki tatu.

Zaituni hakulitilia maanani. Alikuwa mkunga wa kujaza nafasi za watu, leo Ngozi, mwezi ujao Kirundo, popote pale ambapo mwenzake amekwenda likizo. Safari hii alikuwa amerudishwa kwa mwezi mmoja kwenye zahanati hii ndogo ya Gashoho aliyowahi kuifanyia kazi miaka miwili nyuma. Mwanawe Faridi, wa miaka sita, alikuwa amebaki Gitega, mtaa wa Magarama, kwa bibi yake. Zaituni alikuwa amemwapia mtoto kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Siku hizi mtoto hakulia tena akiagwa, na hilo ndilo lililomuuma Zaituni kuliko yote.

Josefina, mfagizi, alilipangusa benchi. Kesho yake, saa sita juu ya alama, likalowa tena palepale. Zaituni aliinama akanusa, na mwili ukamsisimka. Hakuna mkunga asiyeijua harufu ile: ni ya maji ya mama aliyepasukiwa na chupa ya uzazi.

"Nani alikaa hapa?" aliuliza.

Josefina aliutazama mlango kwanza. "Dada, nilidhani unamjua," alinong'ona. "Ni Happy. Wewe ndiye uliyemwacha hapo."

Zaituni akamkumbuka. Msichana wa Giteranyi, mimba ya kwanza. Ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba, gari la kwenda Gitega linapiga honi, naye akamwambia kama wanavyosema wote wa kazi hii wakitoka wodini: nitarudi. Akapanda gari bila kumkabidhi kwa mtu. Josefina alimweleza yaliyofuata kwa sauti ya chini. Walipomwita ndani Happy alikataa, akisema mkunga wake anarudi, na walipombeba kwa nguvu muda ulikuwa umeshapita. Yeye na mtoto wake walizikwa siku moja.

Tangu hapo kila adhuhuri ilimkuta Zaituni ametega sikio. Alisikia pumzi fupi fupi za mwenye uchungu nyuma ya mlango, akifungua hakuna mtu, akifunga zinaanza upya, karibu zaidi, mpaka akawa anawapima wajawazito huku akigeuka geuka, na ile harufu ikamfuata kwenye chakula, kwenye kanga, kwenye mswala, hata akashindwa kusali bila kuhisi kuna mtu amepiga magoti pembeni yake, anasubiri amalize ili amtazame.

Ijumaa alikwenda Muyinga mjini kwa Mzee Othmani, anayewasomea watu wenye majini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakataa kusoma. Alisema mwenye kuwekewa ahadi hafukuzwi kwa kisomo.

"Umwambie kweli, mwanangu," alisema. "Usiongeze kitu."

Siku ya mwisho, saa sita, Zaituni alikaa kwenye benchi. Ubao ulianza kulowa kandokando ya paja lake, maji ya vuguvugu, na zile pumzi zikaja sikioni.

"Happy, mi sikurudi," alisema. "Gari ilikuja, nikapanda. Nilikuwa nawaza mtoto yangu tu. Unisamehe."

Alilia kwa uchungu, akamlilia Happy na yule mtoto asiyepewa jina. Pumzi zikapungua, zikatulia. Maji yakakauka mbele ya macho yake, akahisi kifua kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza mwezi mzima.

Nje dereva akapiga honi. Zaituni alichukua begi lake, akafika mlangoni, na mdomo wake, uliozoea miaka kumi kuaga wodini kwa namna moja tu, ukasema, "Haya, nitarudi."

Gari lilikuwa limeshaondoka naye alipotambua alichokisema.

Magarama, Faridi hakukimbia kumpokea. Alikuwa kwenye benchi la bibi yake, nje ya mlango, amejibana ukingoni kumpisha mtu. Nafasi iliyobaki ilikuwa imelowa.

"Mama, we ukienda tena usiwe na wasiwasi," alisema taratibu. "Huyu mama amesema atakuwa ananisaidia kukungoja."