Alama kwenye Madigadi

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nikimaliza kusimulia mtamwona mbaya, na mimi mpaka leo nampigia pasi mashati yake.

Ni fundi wa meno bandia. Anafanya kazi chumba cha nyuma cha kliniki ya meno: meza, taa ya kuinamia, na rafu iliyojaa vinywa vya plasta vya watu ambao hajawahi kuonana nao. Anavaa koti jeupe, lakini haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Mume wangu akambandika jina la Daktari Nusu, na jina likamganda kama gundi.

Tatizo lilikuwa usafiri. Sisi tunakaa mwisho wa njia ya basi, kliniki iko ng'ambo ya pili ya mji. Alichelewa mpaka mwenye kliniki akamwambia waziwazi kwamba akichelewa tena asijisumbue kuvaa koti. Ndipo akaamua kutafuta pikipiki iliyotumika, ya bei ya mtu wa kawaida.

Basi nyumba nzima ikawa pikipiki tu. Kila jioni alirudi na habari. Moja ilipakwa rangi mpya juu ya kutu, imetiwa poda kama bibi harusi. Nyingine ilitoa moshi wa buluu, maana yake inakunywa oili. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila muuzaji alikuwa ameshaiwasha kabla yeye hajafika, na injini ukiikuta ya moto ujue kuna kitu kinafichwa. "Shika injini kwanza, shemeji," alinifundisha, utadhani nami nakwenda kununua. "Ikiwa baridi, ndipo upige kiki uone."

Jumamosi moja nilikuwa uani napiga pasi nikasikia muungurumo mtamu umesimama getini. Shemeji huyo, juu ya pikipiki nyekundu, anacheka mpaka masikio. Mume wangu akaizunguka, akagusa tairi, akagusa siti.

"Hii umeiba wapi?"

"Nimenunua kwa mdomo," akasema. "Nipeni chakula niwasimulie."

Mezani akasimulia. Aliyeuza alikuwa mama mmoja wa makamo. Mwanawe, mwenye pikipiki, alikuwa amefariki kwa homa, kitandani, mikononi mwa mama yake. Pikipiki ilikaa sebuleni kwake imefunikwa shuka, na kila asubuhi aliipangusa vumbi. Bei aliyotaja ilikuwa ya haki, lakini ilimshinda shemeji. Akaanza kuiponda, kama wanunuzi wote wanavyofanya. Akaponda tairi, akaponda cheni. Mama hakutikisika. "Mwanangu aliitunza," alijibu kila mara. "Mwanangu alikuwa na utu hata kwa vyuma."

Ndipo shemeji akaona mikwaruzo kwenye madigadi ya mbele, ile plastiki inayokinga matope juu ya tairi. Mikwaruzo ya kawaida, ya kukwangua ukuta au kreti. Akachuchumaa. Akavaa miwani. Akatoa katochi kake ka kazini, akamulika mkwaruzo mmoja mmoja.

"Mama, mwanao aliwahi kukwambia kwamba aligonga mtu?"

"Mtu? Hapana. Mtu gani?"

"Mimi kazi yangu ni meno, mama. Hizi ni alama za meno. Taya jembamba, la mwanamke. Na alikuwa na pengo. Juu, kushoto."

Yule mama, akasimulia shemeji, alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Ichukue. Nipe chochote ulicho nacho. Nisiione."

Shemeji aliigiza yote: miwani, tochi, sauti ya kitaalamu. Mume wangu alicheka mpaka maji yakampalia. Nami nilicheka.

"Na pengo ulilitoa wapi?" nikamuuliza.

"Nilitia pengo ili ikolee," akasema, akaomba aongezewe mchuzi.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Alifika kazini kabla ya mwenye kliniki, akarudi mapema, akawa ananibebea vitu vya dukani. Kisha jioni moja akaniuliza nani alikuwa amekalia pikipiki yake.

"Hakuna mtu," nikasema. "Imekaa hapo tangu ulipoingia. Kwani vipi?"

"Injini imepoa kabisa," akasema. "Siti ya nyuma ina joto."

Nikamwambia ni jua. Akakubali, ingawa siku ile jua halikutoka.

Baadaye akaanza kulalamika kwamba pikipiki ni nzito. Fundi wa pikipiki akaipima upepo, akakagua breki, akatazama zile springi za nyuma. Haina kitu, akasema, ila usibebe mizigo mikubwa. Shemeji hakuwa akibeba hata mfuko. Siku nyingine akarudi kutoka kituo cha mafuta bila kujaza. Nikamwona uso umemshuka.

"Yule dada wa pampu amekataa kunijazia."

"Kwa nini?"

"Anasema utaratibu ni abiria ashuke kwanza." Akavua helmeti, akaishika tumboni kwa mikono miwili. "Aliniambia hivyo mara mbili, shemeji. Mara ya pili hakuniambia mimi. Alimwambia aliyekaa nyuma."

Mume wangu alisema mdogo wake amechoka na kazi. Mimi sikumuunga mkono, kwa kuwa siku ileile nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa dirishani nachambua mchele. Shemeji alisimamisha pikipiki uani, akashuka, akaingia ndani. Siti ya nyuma ilibaki imedidimia. Ilikaa hivyo kidogo. Kisha ikainuka polepole, kama inavyoinuka mtu mzima anaposhuka kwa taratibu asiangushe viatu.

Niliuacha mchele ule bila kumaliza kuuchambua.

Tangu hapo shemeji aliacha kuipanda. Lakini asubuhi moja alipotoka kwa miguu kwenda basini, alirudi mbio, amelowa jasho. Alisema juu ya pikipiki alikuwa akisikia pumzi ya mtu shingoni, na akitembea bila pikipiki inamfuata karibu zaidi. Basi akawa anaisukuma. Anaisukuma kwenda kazini, anaisukuma kurudi, na watu njiani wakamcheka kwamba amenunua mbuzi wa chuma. Akachelewa tena. Mwenye kliniki alipomwona anavyotetemeka akamwonea huruma, akamwambia apumzike kwanza.

Jumapili mchana aliniita uani. Alikuwa amekuja na vifaa vyake vya kazi: ule unga wa waridi wanaoukoroga na maji kuchukulia umbo la meno ya mgonjwa, na mfuko wa plasta.

"Nataka nione kwa macho," akasema. "Ile ni mikwaruzo, shemeji. Mimi mwenyewe najua ni mikwaruzo. Nikiichukulia umbo, itatoka mistari tu. Nikiishika mkononi akili itatulia."

Akakoroga, akaupaka juu ya madigadi, akasubiri ugande, akaubandua. Ndani yake akamimina plasta. Jua lilikuwa kali, watoto wa jirani wanacheza mpira nyuma ya ukuta. Alipoufungua, alinipa nishike.

Yalikuwa meno.

Safu yote ya juu. Taya jembamba. Na fizi. Na paa la mdomo na mikunjo yake yote. Juu, kushoto, pengo.

"Mikwaruzo haina fizi," akaninong'oneza.

Plasta ikiganda hupata joto kavu, kama la jiwe juani. Ile ilikuwa na uvuguvugu wa mdomo, wenye unyevu. Niliiweka chini, nikajifuta kiganja kwenye kanga, nikajifuta tena.

"Umemwachia yule mama mzigo," nikamwambia. "Kesho twende ukamwambie ukweli."

Akaanza kulia. Alilia kama mtoto, kamasi na yote. Alisema tangu ile Jumamosi kila akifumba macho anamwona mama amekaa sakafuni. Alisema angetamani arudi mlango uleule, alipe bei yote, anyamaze. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

Tukaenda asubuhi, yeye anasukuma, mimi nikitembea pembeni. Sikutaka kutembea nyuma. Njiani alikuwa akifanya mazoezi ya maneno ya kusema, anayaanza na kuyaacha.

Jirani wa yule mama alitupa habari kabla hatujabisha. Alisema mama wa watu karibu apate wazimu. Aliishusha picha ya mwanawe ukutani, akaigeuza uso chini. Alizunguka hospitali zote akiuliza kama waliwahi kupokea mwanamke mwenye pengo aliyegongwa na pikipiki. Alikwenda polisi akamshtaki marehemu wake mwenyewe, wakamrudisha nyumbani kwa upole. "Ila sasa ametulia," jirani akasema. "Juzi tu ametulia."

Tulimkuta amekaa sebuleni. Picha ya kijana ilikuwa imerudi ukutani, kioo kimefutwa kinang'aa. Shemeji hakungoja kiti. Akapiga magoti.

"Mama, nilikudanganya. Mwanao hakumgonga mtu. Ile ni mikwaruzo tu, niliyasema yale ili upunguze bei. Hakuna mwanamke, mama. Nilimtunga."

"Najua," akasema. "Ameniambia."

"Nani amekwambia?"

Mama alikuwa anatazama mlango tuliouacha wazi, na pikipiki iliyosimama nje.

"Alikuja mwenyewe," akasema. "Mchana, kama hivi. Nilipoliona pengo nikajua ndiye. Nikamwangukia miguuni, nikamwomba radhi kwa niaba ya mwanangu. Akaomba maji. Akanywa. Akasema, inuka, mama, mwanao mimi simjui. Mwanao hajanigusa."

Shemeji alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Akasema, mimi sikuwepo. Sikuwa na uso wala jina. Mwenye koti jeupe ndiye aliyenileta. Akaniweka barabarani. Akanilaza chini ya tairi. Akanitoa jino, ili apunguziwe bei."

Nje springi ya pikipiki ililia, mara moja.

"Anataka nini, mama?" nikauliza mimi.

"Nilimuuliza. Anasema hana kwao." Akamgeukia shemeji, akamwekea mkono kichwani kama anavyowekewa mtoto mwenye homa. "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Umenirudishia mtoto wangu. Lakini hayo ni yangu na wewe. Ya kwake mtajuana wenyewe."

Pikipiki aliikataa. Alisema haitaki kabla haijawa nyepesi.

Wakati wa kurudi nilijikuta nimebaki nyuma, barabara ilikuwa nyembamba na magari yanapita. Zile pedeli za abiria, za kukanyagia, zilikuwa zimekunjwa juu. Nikaona ya kushoto inashuka. Kisha ya kulia. Nilimwacha shemeji asukume. Ningemwambia nini?

Jioni ile alichukua lile umbo la plasta, akafunga mlango wa chumba chake, tukasikia kimashine chake kidogo kikisaga. Hakutoka kula. Asubuhi alinionyesha alichotengeneza: jino moja, juu kushoto, limekaa kwenye fizi yake ndogo ya waridi. Nimeona kazi zake nyingi. Sijaona nyingine nzuri kama ile. Alikuwa amelitia hata ule umanjano mdogo wa mtu anayekunywa chai.

"Nililitoa mimi," akasema. "Nalirudisha."

Akaliweka juu ya siti ya nyuma, akaomba radhi kwa sauti, akaingia ndani. Tulipotoka mchana halikuwepo. Siti ilikuwa baridi. Shemeji aliishika, akaishika tena, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akapiga kiki, pikipiki ikaruka kama kipepeo. Siku ileile akampelekea yule mama, naye akaipokea. Akaifunika shuka sebuleni.

Sasa anapanda basi, anaamka mapema, hachelewi. Bei akitajiwa analipa bila kufungua mdomo, hata ya nyanya. Tukadhani yamekwisha.

Juzi nilikuwa naosha vyombo vya mchana. Tunavyo vikombe vya plastiki vya kijani, kila mtu na chake, na kimoja cha ziada ambacho hakuna anayekitumia. Nikakikuta cha ziada kimelowa, na chini kabisa pana maji kidogo yaliyobaki. Nikakigeuza kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na alama za meno. Taya jembamba.

Nikapitisha kidole juu, kushoto. Nikakipitisha tena, polepole.

Hakukuwa na pengo.

Nilipokwenda kumwita shemeji, nilimkuta mezani. Alikuwa tayari amevuta kiti cha pili karibu na chake.