Jiwe la Kusagia la Ruthu

Jogoo alipowika mara ya pili, mawe ya kusagia yalikuwa yameshaanza kunguruma katika kile kijiji cha karibu na Gulwe. Akina mama walipiga magoti nyuma ya mawe yao, wakasaga uwele huku wakiimba. Aliyepita njiani alijua, bila kuchungulia, nani ameamka na furaha na nani amenuniana na mumewe, kwa maana wimbo wa jiweni hauna siri.

Nyumba moja tu ilikuwa kimya. Ilikuwa tembe ya Yotham, na jiwe lililonyamaza lilikuwa la mkewe, Ruthu, aliyefariki kwa homa wiki tatu zilizopita. Binti yao Raheli, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alilifunika jiwe lile kwa ungo siku ya mazishi. Tangu hapo hakumruhusu mtu kuligusa. Unga walikuwa wakiletewa na jirani, Mama Priska.

Kila asubuhi Raheli aliteka maji, akafagia ua, akamwosha uso mdogo wake Yudith, mtoto wa miaka minne, kisha akasali. Sala yenyewe alikuwa ameikariri darasani kwa Mwalimu Kefa. "Tunakushukuru, Ee Mungu, kwa mema yako yote," alisema, neno baada ya neno, bila kukosea hata silabi. Lakini moyoni hakushukuru. Moyoni mlikuwa na uchungu mtupu, na alikuwa hajadondosha hata chozi moja.

Sababu alikuwa nayo. Siku ya mazishi, Mzee Sila, mmoja wa Wakristo wa kwanza kijijini, alimshika bega akamwambia kwa upole, "Usilie, mwanangu. Mtoto wa Kikristo halii. Mama yako yuko kwa Mungu."

Tena kulikuwa na Bibi. Bibi alikuwa mama yake Ruthu, na alikuja kumwomboleza mwanawe kutoka Nzuguni, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Hakuwa amebatizwa. Kila jioni alilia kwa sauti, kama walivyolia wazee wake wote. Raheli alimpenda sana, lakini alijiambia, "Nikilia mbele yake, atasema Mungu wa mama hana nguvu." Basi akajikaza kisabuni, akazunguka na kazi zake kama mtu asiyeumwa mahali.

Ijumaa mchana Mama Priska alileta ugali na mlenda. Yudith aliutazama ugali, akausukuma.

"Kula, mdogo wangu," Raheli alimbembeleza. "Tonge moja tu."

"Sitaki. Nataka ugali wa mama. Ule wa jiwe letu."

"Ugali ni ugali, Yudith."

"Si wa mama!" Mtoto akajikunja chini, kidole mdomoni. Tangu Jumatano alikuwa hajaonja kitu ila maziwa kidogo, na mashavu yake yalikuwa yameanza kubonyea.

Bibi aliyaona yote. Akamwita Raheli uani, akamketisha karibu yake.

"Mke mwenzangu," alianza, kama alivyozoea kumtania, ingawa siku hiyo hakucheka. "Kesho baba yenu anarudi kutoka kwenye tuta la reli. Nitamwomba nimchukue Yudith, nikamlee Nzuguni. Huku atakwisha huyu."

Raheli akamshika mkono. "Bibi, usimchukue. Nimebaki naye tu."

"Una baba pia. Lakini baba yuko kwenye kazi ya Wajerumani, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Na wewe..." Bibi alimtazama usoni. "Wewe sikuelewi. Nyumba hii haina wimbo, haina kilio. Hukumpenda mama yako?"

Neno hilo lilimchoma Raheli kuliko mwiba wa mgunga. Aliinuka akaingia ndani, akaenda moja kwa moja mpaka penye jiwe. Kama ugali wa jiwe hili ndio utakaombakiza Yudith nyumbani, basi utapikwa leo.

Akaondoa ungo. Katika shimo la jiwe mlikuwa bado na vumbi jeupe la unga, unga wa mwisho aliousaga mama. Raheli alilitazama kwa muda, asiguse. Kisha akamimina konzi mbili za uwele, akapiga magoti pale pale alipokuwa akipiga mama, akashika jiwe dogo la juu kwa mikono miwili.

Alisukuma mara ya kwanza, mara ya pili. Ndipo akakumbuka. Mama hakuwa akiimba nyimbo za ugomvi hapa jiweni. Hapa ndipo mama alipokuwa akisali. Hakuwa na maneno ya darasani; alisali kwa Kigogo, kwa mwendo wa jiwe, na alimweleza Mungu kila kitu: mbuzi aliyevunjika mguu, chumvi iliyokwisha, mgongo unaouma. Siku zote alianza vile vile: "Mungu, ni mimi Ruthu. Nimekuja tena."

Raheli akasukuma jiwe.

"Mungu," alisema kwa Kigogo, "ni mimi Raheli, mtoto wa Ruthu. Nimekuja."

Jiwe likanguruma.

"Nimekuja, lakini nimekukasirikia. Nilikuomba mama apone. Nilikuomba usiku na mchana. Kila asubuhi nakwambia asante, na ni uongo. Namtaka mama. Sijui kusuka nywele za Yudith. Sijui baba akikaa kimya nimwambie nini. Nisaidie, mimi siwezi peke yangu."

Machozi yakaja. Yalikuja mengi, yakaangukia mikono yake na uwele na jiwe, na Raheli hakuacha kusaga. Alilia kwa sauti, kwa mwendo wa jiwe, mpaka kifua chake kikalegea. Hakusikia sauti kutoka juu, wala mama hakurudi. Ila alijua kwa hakika kwamba anasikilizwa, na kwamba hakuna aliyemkasirikia kwa aliyoyasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi asijione peke yake.

Alipoinua uso, Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Raheli akaanza kujifuta haraka haraka.

"Usinifiche," Bibi alisema, akapiga magoti kando yake.

"Niliogopa, Bibi. Niliogopa utasema Mungu wa mama hana nguvu."

"Loo, mtoto huyu! Mimi nilidhani Mungu wenu amewanyima machozi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikajiuliza, ni Mungu gani huyo asiyetaka Ruthu wangu aliliwe?" Akamvuta kifuani. "Mficha maradhi kilio humfichua, mke mwenzangu. Lia."

Wakalia pamoja, mama wa Ruthu na mtoto wa Ruthu. Katikati ya kilio chao mtu mdogo akajipenyeza. Yudith alikuwa amesikia jiwe likilia tena. Akachovya kidole ungani, akakilamba.

"Wa mama," alisema, akaketi kusubiri chakula.

Jioni alikula tonge saba. Bibi alizihesabu.

Jumapili baada ya ibada, Mwalimu Kefa alikuja kuwajulia hali, akifuatana na Mzee Sila. Yotham aliwakaribisha uani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, Raheli aliwaeleza yote, hata ule uongo wa sala zake.

Mzee Sila aliinama. "Kosa ni langu, mwanangu. Nilikwambia usilie kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia, na niliona haya. Nisamehe."

Mwalimu Kefa akatabasamu. "Raheli, Yesu alipofika kaburini kwa rafiki yake Lazaro, alifanya nini?"

"Alimfufua."

"Kabla ya kumfufua?"

Raheli akafikiri. "Alilia."

"Alilia, ingawa alijua atamfufua. Basi Mkristo hulia. Tofauti ni kwamba halii peke yake. Watoto wangu, msimpelekee Mungu maneno mazuri tu mkaacha mioyo yenu nyumbani. Mpelekeeni hasira, mpelekeeni machozi. Anayemwambia Mungu ukweli ndiye anayefarijiwa, kwa sababu ndiye aliyefungua mlango."

Yotham alimshika bintiye mkono. Yudith alibaki nyumbani, na habari ya Nzuguni haikutajwa tena.

Jumatatu alfajiri, mawe yalipoanza kunguruma kijijini, la Ruthu lilinguruma pamoja nayo. Raheli alikuwa amepiga magoti. Bibi alikuwa ameketi nyuma yake akipepeta uwele, kimya.

"Mungu, ni mimi Raheli," msichana alianza. "Nimekuja tena."

Bibi akaacha kupepeta.

"Mwambie," alisema polepole, "mwambie na mimi nipo. Mama yake Ruthu."